Ulimwogopa Nani?

Leo nimeona tuongee habari ya kupeana vitabu. Sisemi vitabu vya kiada, hivyo tuliagana navyo salama siku ya mwisho ya mtihani wa Kidato cha Nne. Nasema vile vitabu vya majini na mizimu, vya wafu wanaofufuka na nchi zinazoelea hewani. Vile ambavyo ukiwa unasoma usiku umeme ukakatika, unamwita mtu wa chumba cha pili hata kama huna shida naye.

Kwetu mchezo huu una watu watatu. Mimi niko Mbeya, Mwanjelwa. Wa pili ni fundi cherehani, kaka yetu mtu mzima, ambaye suruali za wateja hulala mpaka amalize sura. Wa tatu ni binamu yake fundi, dada mmoja anayeuza nguo za mitumba Iringa mjini, maeneo ya Miyomboni. Kati ya Mbeya na Iringa kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara. Kitabu kinafungwa kwenye gazeti, kinakazwa kwa uzi wa fundi, kinakabidhiwa kwa kondakta wa basi asubuhi. Kinapita Uyole, kinapita Makambako na Mafinga, na siku hiyo hiyo dada anakipokea kikiwa na vumbi na harufu ya vitunguu vya abiria.

Mtu atauliza, kwani shida ya nini? Si umtajie tu jina la kitabu akakitafute mwenyewe? Jamani, anayeuliza hivyo hajawahi kutafuta riwaya ya Kiswahili ya miaka ya nyuma huku mikoani. Duka la vitabu ukiingia unakuta kiada, madaftari, Biblia na kalenda. Riwaya zilizopo ni zile zinazotahiniwa shuleni. Nyingine zinapatikana kwa bahati, kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, kati ya kitabu cha upishi cha Kizungu na mwongozo wa kutengeneza redio. Kwa hiyo kwetu kumwambia mwenzio "soma kitabu fulani" bila kumkabidhi ni sawa na kumwonyesha mwenye njaa picha ya wali. Ukikisifu, ukitoe.

Na kila kitabu kinasafiri na kikaratasi. Zamani kikaratasi kilikuwa cha kusifu tu: kitabu bomba, usikisome peke yako, ukifika ukurasa fulani utaniambia. Tangu mwaka 2019 kikaratasi kina swali moja tu la kujibu. Swali hilo alilileta dada wa Iringa, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mnakumbuka mwanzo wa mwaka ule. Mkoani Njombe watoto walikuwa wanapotea, kisha wanakutwa wameuawa, na habari zilizoenea nchi nzima zilihusisha mauaji yale na imani za kishirikina. Njombe ni jirani yetu wa katikati. Mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, na Makambako, pale vifurushi vyetu vinapopita, ni mji wa mkoa huo. Siku hizo nilikuwa nimemtumia dada hadithi moja ya mganga anayefuga misukule. Ilirudi kwa basi la kesho yake, haijafunguliwa hata uzi. Kikaratasi kilisema hivi: "Kamwene, mdogo wangu. Huku kina mama wanawasindikiza watoto shule na kuwafuata. Hii siisomi kwanza. Siku nyingine ukinitumia kitabu cha kutisha, niambie ulipomaliza kukisoma ulimwogopa nani. Nikiona jibu lako, nitajua kama nakifungua."

Fundi alicheka, akasema huyu binti ameanza ualimu. Lakini baada ya siku mbili aliacha kucheka, akatoa vitabu vyake vyote chini ya meza ya kukatia nguo, akaanza kujiuliza kimoja kimoja. Na mimi nikafanya hivyo. Ndugu zangu, jaribuni swali hilo. Ni dogo, ila linachambua vitabu kama chekeche.

Tuanze na mzee wetu wote, Shaaban Robert. Wengi walimsoma shuleni kwa kulazimishwa, wakamwacha huko huko na viti vya darasani. Wanasahau kwamba mzee yule aliandika mambo ya ajabu kabla sisi hatujazaliwa na wazazi wetu hawajazaliwa. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kuna nchi nzima inayoelea hewani, na kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wajue sheria. Hakuna jini linalokutisha pale. Fundi alijibu: "Nilimwogopa Majivuno," yaani yule waziri anayemshitaki Karama. Akaongeza kwamba hata mtaani kwetu Majivuno yupo, ana muhuri.

Adili na Nduguze ndicho kilichotugombanisha. Adili ni liwali wa Janibu, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu, lakini kila usiku huwachapa viboko manyani wawili. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walimtosa baharini kwa wivu, na jini aliyemwokoa akawageuza wanyama, akamwamuru Adili awachape kila usiku. Mimi niliandika kwamba niliwaogopa Hasidi na Mwivu, kwa sababu wivu wa ndugu naujua. Dada akajibu: "Mimi nilimwogopa Adili. Mtu mwema anayeshika kiboko kila usiku kwa sababu ameamriwa. Analia, lakini anachapa." Nilikaa na jibu hilo wiki nzima. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara tatu, na sikuwahi kumwona Adili kwa jicho hilo. Hii ndiyo faida ya kupeana vitabu: kitabu kinaondoka kwako na kumaanisha jambo moja, kinarudi kikiwa kimepata la pili.

Fundi yeye mungu wake ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, na Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968. Ukiona majina hayo unajiandaa kukutana na mashetani. Watu wa ndani ya hadithi nao wamejiandaa hivyo hivyo: mtu amekufa mahali pa mizimu, basi mizimu ndiyo iliyoua, kesi imekwisha. Bwana Msa hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anafaidika, nani anasema uongo. Kikaratasi cha fundi kilisema: "Nilimwogopa mtu anayejua kwamba wenzake wanaogopa." Sentensi hiyo nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu.

Halafu kuna Kezilahabi. Hapa naomba mnisamehe, mapenzi yatanizidi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafariki Januari 2020. Riwaya zake za mwanzo, tangu Rosa Mistika ya mwaka 1971, zina watu tunaowajua na vijiji tunavyovijua. Kisha mwaka 1990 akatoa Nagona na mwaka 1991 Mzingile, vitabu viwili vyembamba ambavyo kila kimoja hakifiki kurasa 100, na ndani yake sakafu yote ya riwaya imeng'olewa. Muda haueleweki, mahali hapaeleweki, wafu wanajadiliana na walio hai. Fundi alikisoma Nagona akaandika: "Huyu mzee anatuzuga." Dada akaandika: "Sikuelewa, ila nimekiota mara mbili." Mimi jibu langu lilikuwa fupi: nilijiogopa mwenyewe. Nilijikuta natafuta maana kama mtu anayepapasa swichi ukutani kwenye nyumba ya kigeni, nikagundua kwamba muda wote nilikuwa naamini kila nyumba lazima iwe na swichi.

Na cha mwisho katika vile vinavyozunguka sana ni Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001. Mkubwa mmoja anayeitwa K, mwenye starehe zote za wakubwa, anatokewa na babu yake aliyekwishakufa. Kwa hesabu ya vitisho, mzimu ni babu. Lakini msomaji hamwogopi babu hata kidogo. Babu anakuja na maswali. Anayetisha ni mjukuu mwenye shibe, kwa jinsi alivyojizoesha kutoyasikia.

Sasa tazameni majibu hayo yote kwa pamoja. Waziri mwenye muhuri. Mtu mwema mwenye kiboko. Mjanja anayefanya biashara na hofu ya wenzake. Nafsi ya msomaji. Mkubwa aliyeziba masikio. Hamna hata jibu moja linalosema: nilimwogopa bibi kizee wa nyumba ya tatu. Vitabu vina majini, mizimu na wafu, lakini hofu yake ukiifuata mpaka mwisho inakupeleka kwa mwenye nguvu, au inakurudisha kwako.

Kuna hadithi za aina nyingine. Hizi hazihitaji kutumwa kwa basi maana zinakimbia zenyewe. Katika miaka ya 1990, magazeti yalipokuwa mengi, watu walizinunua kwa kurasa. Siku hizi zinaingia kwenye simu vipande vipande, kila kipande mwishoni "itaendelea". Alama yake kubwa ni maneno mawili au matatu ya juu: "Kisa cha kweli." Ndani yake kuna bosi anayekula watu, jirani anayeruka na ungo, mama wa kambo aliyemweka mtoto wa mwenzie kwenye chupa. Nazisoma, sitawadanganya. Nyingine zimeandikwa na mafundi hasa, watu wanaojua mahali pa kukata sura ili usilale. Lakini ukizipima kwa swali la dada, jibu ni lile lile: nilimwogopa mama wa kambo, nilimwogopa bibi, nilimwogopa mgeni.

Na jibu hilo lina historia ya damu katika nchi yetu. Vikongwe wangapi, hasa kule kanda ya Ziwa, wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoliwa na moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu? Tangu zama za ukoloni uvumi wa mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao, umezunguka Afrika Mashariki nzima. Nairobi na Kampala waliwasingizia hata wazima moto. Msidhani uvumi huo ulikufa na wakoloni. Mwezi Oktoba 2016 watafiti wa udongo walikwenda kuchukua sampuli katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, Dodoma. Ikavuma kwamba wageni wale ni wanyonya damu. Watafiti wawili na dereva wao wakauawa. Kijiji kile kinaitwa Iringa Mvumi. Dada aliposoma habari ile alikata kipande cha gazeti, na mpaka leo anacho ndani ya kitabu cha hesabu za biashara yake. Watu watatu, na mzigo wao ulikuwa udongo.

Kwa hiyo mtu anayetuambia, "Acheni kusoma na kuandika mambo ya giza, nchi hii ina giza la kutosha," simcheki. Mama mwenye nyumba wangu aliniambia hivyo hivyo. Yeye ni mtu wa Mbozi, ambako siku hizi ni mkoa wa Songwe lakini wakati ule ilikuwa Mbeya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, ngozi ambazo ilisemekana zinauzwa kwa ajili ya uchawi. Mimi nilikuwa sijazaliwa au ndio kwanza nanyonya. Yeye alikuwa anauza mboga, akirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Anasema mtu mwenye mfuko mkubwa alikuwa hapandi gari bila kuufungua, na ukikohoa nyuma ya mwenzio njiani anaanza kukimbia.

Riwaya ninayoiandika inahusu miaka hiyo. Nina kaunta buku tatu zimejaa. Mama aliponiuliza naandika nini nikamsimulia sura ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, umeandika vizuri, mwili umenisisimka. Sasa niambie. Watu wakishasoma hicho kitabu chako, ni nani atakayefungwa kamba?"

Swali lake na swali la dada ni mtu na pacha wake. Nililala nalo, nikaamka nalo. Jibu nililolipata nalileta kwenu mlipime, maana najua wengi wenu nanyi mna daftari la namna hii chini ya godoro.

Kwanza ni habari ya mlango. Mnakumbuka bibi zetu walivyoanza? "Hadithi, hadithi!" Nanyi mnaitika: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tuliitika tukiwa watoto bila kufikiri, lakini tazameni maneno yale yanavyosema. Bibi kabla hajamleta zimwi ndani ya nyumba anaomba ruhusa, na watoto wanaukaribisha uongo kwa jina lake. Kila mmoja pale anajua ameingia wapi. Zimwi litakula watu usiku kucha, na asubuhi hakuna jirani atakayetazamwa vibaya, kwa sababu zimwi limebaki ndani ya hadithi na mlango ulifungwa tulipomaliza. Uvumi hauna mlango. Hausemi "uongo njoo". Unasema "nimeambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake", na unakutoa nje na jiwe mkononi. Ndiyo maana yale maneno "kisa cha kweli" juu ya hadithi ya kubuni yananitisha kuliko msukule wowote. Ni kuvunja mlango wa bibi.

Pili ni habari ya mteja. Nilipozisoma upya kaunta buku zangu nikiwa na swali mkononi, niliona kwamba katika hadithi ya mtu aliyechunwa ngozi kuna watu wengi: aliyekufa, aliyeua, mganga aliyeagiza, mpelelezi. Lakini ngozi haichunwi ikakae stoo. Kuna anayeinunua. Mahali fulani kuna mtu amevaa shati safi, amekula vizuri, anataka biashara yake iende, au anataka cheo, na amekubali kutouliza mali ile imetoka wapi. Uvumi haumtaji huyu kamwe. Uvumi unamtaja kikongwe, mgeni, mwenye mfuko. Kwa hiyo riwaya yangu inamfuata mteja. Na kadiri ninavyomwandika ndivyo anavyozidi kunifanana, kwa sababu na mimi nataka kutoka haraka, na mimi nimechoka kuwa mtu wa kesho. Msomaji akifika mwisho akaniambia kwamba alimwogopa yule mteja, kisha akajitazama kidogo kwenye kioo, nitamjibu mama mwenye nyumba kwamba hakuna aliyefungwa kamba.

Msije mkadhani haya ni ya kwetu peke yetu. Ulaya nao walikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1815 mlima Tambora, volkano ya Indonesia, ulilipuka, na majivu yake yakaharibu hali ya hewa mbali kabisa, hata kiangazi cha mwaka 1816 kule Ulaya kikawa baridi na mvua. Vijana fulani Waingereza walikuwa likizoni Uswisi, kando ya ziwa Geneva. Wakafungiwa ndani na mvua, wakawa wanasomeana hadithi za mizimu. Mmoja wao, mshairi Byron, akasema kila mtu aandike ya kwake. Kutoka kwenye kijiwe kile alitoka Mary Shelley, msichana wa miaka 18 wakati ule, na mwaka 1818 kitabu chake Frankenstein kikachapwa. Daktari wa Byron, John Polidori, naye akaandika hadithi ya mnyonya damu iliyochapwa mwaka 1819, na ukoo wake ukaja kumzaa Dracula wa Bram Stoker mwaka 1897. Yote hayo yalianza kwa watu wachache, baridi kali, na kitabu kimoja kinachopita mkono hadi mkono. Sisi wa Mbeya mwezi wa saba baridi tunaijua. Volkano tunazo, Rungwe ile pale.

Frankenstein nilikisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, miezi miwili. Fundi Kiingereza kinampiga chenga, kwa hiyo nilimsimulia jioni kwa jioni, yeye akishona. Nilipomaliza alisimamisha cherehani, akasema, "Mimi simwogopi lile dude. Namwogopa fundi aliyelishona akalikimbia." Hapo ndipo nilipojua kwamba kitabu kimefika.

Dada yeye alijibu kwa namna yake. Nilimwandikia kwamba nimesoma habari za Dracula aliyetoka London mwaka 1897. Akaniandikia: "Mdogo wangu, mwaka uliofuata, 1898, hapa kwetu Mkwawa alijipiga risasi ili Wajerumani wasimkamate hai, nao wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Fuvu lake likaandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa kumaliza vita ya dunia, kwamba lirudishwe. Likarudi mwaka 1954. Lipo Kalenga, ndani ya kabati la kioo. Hicho kitabu siwezi kukifunga kwenye gazeti. Panda basi uje ukisome." Nilipanda. Niliposimama mbele ya kabati lile nilikuwa na jibu la swali lake kabla hajaliuliza. Sikumwogopa aliyekufa. Niliwaogopa watu wasomi, wenye vitabu vya kumbukumbu na lebo, waliokipokea kichwa cha mtu na kukiweka rafuni.

Basi wenzangu, nisiwachoshe. Najua wapo wanaosema kwamba kijana wa Kitanzania akitaka kuonekana mwandishi wa maana aandike ukimwi, ufisadi na umaskini, mambo ya majini awaachie watoto. Siwafuati. Majini ya Shaaban Robert yalisema habari za hukumu, na mzimu wa Said Ahmed Mohamed ulisema habari za ufisadi kuliko hotuba nyingi. Giza ni chombo. Kisu hukata mkate na hukata mtu, inategemea kimeshikwa na nani na amekielekeza wapi.

Ombi langu ni moja. Wewe uliyeko Tukuyu, Mafinga, Vwawa, Ilula, au popote gazeti hili lilipokufikia, angalia chini ya kitanda. Kama kuna riwaya ya Kiswahili ya mizimu au ya nchi za ajabu, hata kama imepoteza jalada, usiifanye ya kufungia karanga. Mpe mtu. Ndani yake weka kikaratasi chenye jibu moja tu, na jibu liwe la kweli. Kama unaandika, basi jiulize swali hilo kabla hujaandika "mwisho".

Kwa upande wetu, Ziraili na Zirani cha William Mkufya, cha mwaka 1999, kimeondoka Mbeya juzi kwenda Iringa. Ndani yake kuna vita ya Ahera. Jibu langu nimeliandika kwenye kikaratasi na sitawaambia, nisije nikawaharibia. Jibu la dada bado halijafika. Kila basi likiingia kutoka Iringa, fundi ananyanyua shingo.